Kikundi cha kina mama 34 Usa River: nani apige mamogramu, nani ultrasaundi, na kliniki tuwaulize nini?

Mhazini_Usa

Habari za humu wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi hii kwa undani.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 34, wote wanawake. Mfuko wa jamii umefikia kiasi cha kugharamia uchunguzi wa matiti. Wanachama wamependekeza tukodi Coaster mwezi wa Oktoba, twende wote kwenye kliniki moja ya matiti, iwe Arusha mjini au Moshi, kila mtu apige mamogramu (picha ya eksirei ya matiti), turudi siku hiyohiyo. Mpango huo bado haujaniridhisha, ndiyo maana nauliza kabla sijatoa hela.

Umri uko hivi: sita wako chini ya miaka 30, kumi na mmoja wana 30 hadi 39, kumi na wawili wana 40 hadi 54, watano wamevuka 55. Wapo wanne wenye mambo yao na wameniruhusu niyaulize bila majina. Wa kwanza ana miaka 37, ana uvimbe titi la kushoto, miezi mitatu sasa, hauumi. Wa pili ana miaka 29, ananyonyesha mtoto wa miezi mitano, ziwa limevimba na limekuwa jekundu, ameshapewa dozi mbili za antibayotiki. Wa tatu, miaka 36, mama yake mzazi aliugua saratani ya matiti akiwa na miaka 44. Wa nne, miaka 41, anatoka maziwa matiti yote mawili wakati alishaachisha kunyonyesha miaka miwili iliyopita.

Nani anahitaji kipimo gani? Kliniki niwaulize nini kabla ya kuwalipa? Na je, ni kweli mashine yenyewe inaleta saratani? Hilo linawatisha wengi.

Sista_Kliniki

Mama mhazini, hongera kwa kusita. Nianze na lisilosubiri: huyo wa uvimbe na huyo wa ziwa jekundu watoe kwenye orodha ya Oktoba. Waende wiki hii.

Uchunguzi wa mtu asiye na dalili na uchunguzi wa mwenye dalili ni huduma mbili, hata kama mashine ni ileile. Asiye na dalili anapigwa picha nne za kawaida, anaondoka, zinasomwa baadaye. Mwenye dalili anaanza kwa daktari: anapimwa kwa mikono, mahali pa uvimbe panawekewa alama, picha zinaelekezwa pale, ultrasaundi inapita pale, na kikionekana kitu sindano inaingia pale. Mwenye uvimbe akipanga foleni ya kundi na asiseme, picha zake zitasomwa kama za mtu asiye na shida. Mamogramu peke yake hukosa takriban saratani 1 kati ya 8. Hapo ndipo mtu anaporudi nyumbani na karatasi ya "hakuna kitu" huku uvimbe anaugusa kila akioga.

Kwa wa miaka 37: kupimwa na daktari, ultrasaundi pamoja na mamogramu, kisha kuchukua kinyama (kipande kidogo cha kupimwa maabara) kwa sindano nene iwapo picha ina wasiwasi wowote. Vitu hivyo vitatu, mikono, picha na kinyama, vinatakiwa vikubaliane. Viwili vikisema salama na kimoja kikasema hapana, anasikilizwa anayesema hapana. Uvimbe usiouma usimpe mtu faraja, maana saratani nyingi za titi haziumi mwanzoni. Shirika la Afya Duniani kwenye mpango wake wa saratani ya matiti limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza hadi apate jibu kamili zisipite siku 60. Siku hizo hazianzi kuhesabiwa mpaka atoke nyumbani.

Anayenyonyesha: jipu la ziwa ni jambo la kawaida na ndilo la kwanza kufikiriwa. Lakini dozi mbili bila picha zinatosha, asiongezewe ya tatu. Apigwe ultrasaundi. Ikionyesha usaha, unavutwa kwa sindano huku daktari anaona kwenye skrini, mara nyingi zaidi ya mara moja, na unapelekwa maabara kuoteshwa vijidudu. Aendelee kunyonyesha au kukamua, kwa sababu maziwa yakituama uvimbe unazidi. Kama hakuna usaha, au ngozi imekuwa nene yenye vitobo kama ganda la chungwa, achukuliwe kinyama, na kipande kidogo cha ngozi pia. Ipo saratani inayokuja na wekundu na joto kama uambukizi, nayo inakwenda mbio. Kifua kikuu cha titi nacho kipo, na antibayotiki za kawaida hazikigusi.

Wa maziwa pande zote mbili: mara nyingi hili si la saratani. Apime ujauzito kwanza, kisha homoni ya prolaktini na tezi ya shingo. Aulizwe dawa anazotumia, kwa kuwa metoklopramidi ya kichefuchefu, domperidoni na baadhi ya dawa za afya ya akili hutoa maziwa. Majimaji yanayotupa wasiwasi ni yale yanayotoka yenyewe bila kukamuliwa, upande mmoja, kitundu kimoja, yenye damu au yasiyo na rangi kama maji. Kwa kuwa ana miaka 41, mamogramu ya kawaida inamhusu pia, ila kwa ajili ya umri wake.

Mionzi_Moshi

Nachukua upande wa picha.

Wasio na dalili, chini ya miaka 40, wasio na historia ya familia: msiwapige mamogramu. Hela itapotea. Titi la mwanamke kijana limejaa tezi, tezi kwenye picha ni nyeupe, na uvimbe nao ni mweupe. Hao wapimwe kwa mikono na mtu aliyefunzwa, basi. Chini ya miaka 30 mwenye uvimbe anaanza na ultrasaundi.

Kuanzia 40 kwenda juu mna haki ya kuchagua, kwa sababu miongozo haifanani. Marekani tangu 2024 inapendekeza 40 hadi 74 kila miaka miwili. Shirika la Afya Duniani linakazia 50 hadi 69. Huku kwetu wanaougua wakiwa chini ya miaka 50 ni wengi, kwa hiyo ningekuwa na hela ya mfuko ningeanzia 40. Kwenu hao ni 17. Mwongeze wa miaka 36 ambaye mama yake aliugua akiwa na 44. Kanuni inayotumika ni kuanza miaka kumi kabla ya umri aliougua ndugu wa karibu, bila kushuka chini ya 30. Yeye tayari kafika. Jumla 18, siyo 34.

Kuhusu mionzi: uchunguzi kamili wa picha nne ni kama milisivati 0.4. Mtu yeyote anapata takriban milisivati 3 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, hewa na anga za juu bila kwenda hospitali. Kwa hiyo ni sawa na mionzi ya wiki saba za maisha ya kawaida. Hatari ipo kwa hesabu, ila ni ndogo sana mbele ya faida kwa aliyefika umri. Kwa binti wa miaka 24 asiye na dalili faida hiyo haipo, na ndiyo sababu nyingine ya kutompiga.

Picha zenyewe: kila titi mbili, moja kutoka juu kwenda chini, nyingine ya mshazari kutoka katikati ya kifua kwenda kwapani. Titi linabanwa na bamba kwa sekunde chache. Kubanwa hakukwepeki. Titi likiwa nene mionzi inaongezeka, picha inakuwa na ukungu kwa kutikisika, na tezi zinalaliana hadi zinaficha kitu au zinaonyesha kitu kisichokuwepo. Mtaalamu anayebana kidogo kwa huruma anampa mama picha mbovu. Anayejua kazi anambana taratibu, anamwambia ashike pumzi, anapiga, bamba linaachia lenyewe.

Mama anaweza kuomba kuona picha yake, na makosa machache anaweza kuyaona hata asiyesomea. Kwenye ile ya mshazari, msuli wa kifua uonekane ukishuka hadi usawa wa chuchu. Ukikatikia juu, sehemu ya nyuma ya titi haikuingia. Chuchu ionekane kwa ubavu walau kwenye picha moja ya kila titi, vinginevyo inaweza kudhaniwa uvimbe. Mkunjo wa ngozi pale kwapani ni kosa la kupanga mwili, unarekebishwa palepale.

Maandalizi: asubuhi hiyo oga, usipake kitu kwapani wala kifuani, iwe deodoranti, poda au losheni. Chembe za aluminiamu kwenye deodoranti zinaonekana kama madoa ya chokaa ambayo ni dalili mojawapo ya saratani changa. Akisahau, aoshwe na kukaushwa kabla ya kupiga. Vaa sketi au suruali na blauzi, siyo gauni, ili avue juu tu. Anayeona siku zake aje kati ya siku ya 7 na ya 14 tangu hedhi ianze, matiti yanakuwa laini. Anayenyonyesha anyonyeshe au akamue muda mfupi kabla. Anayehisi ni mjamzito aseme kabla ya kuingia chumbani.

Muda: dakika 15 hadi 20 kwa mtu. Watu 18 kwa mashine moja inaweza kufika saa sita bila mapumziko. Gaweni siku mbili, mtaalamu akichoka picha zinaharibika.

Mwanamapambano_A

Kwa nini msipime damu tu? Kuna kipimo cha damu cha saratani ya matiti, CA 15-3, maabara nyingi za mjini wanacho. Pia kuna kamera za joto, hazina mionzi wala maumivu. Watu 34 kwa siku moja mnamaliza.

Slaidi

Kaka, hapana kwa vyote viwili. CA 15-3 mara nyingi haipandi saratani ikiwa changa, yaani wakati ule hasa tunaoutafuta. Na inaweza kupanda kwa ugonjwa wa ini na hata uvimbe usio wa saratani. Inatumika kufuatilia baadhi ya wagonjwa ambao tayari wana saratani iliyosambaa. Kamera ya joto haijathibitishwa kuokoa maisha ya mtu, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeshaonya kwamba haichukui nafasi ya mamogramu. Mama akipewa jibu zuri la vipimo hivyo atakaa nyumbani na uvimbe wake kwa amani. Ubaya wake uko hapo.

Sasa mama mhazini, mimi nakaa upande ambao wagonjwa hawauoni, na huku ndiko mambo mengi yanakoharibikia. Swali la kwanza kuwauliza kliniki lisiwe la mashine. Uliza: "Mkichukua kinyama, kinakwenda maabara ipi, kinakwendaje, na jibu linarudi baada ya siku ngapi?" Kliniki yenye mashine nzuri isiyoweza kujibu hilo inawapa picha tu.

Sindano ziko za aina mbili. Nyembamba, geji 22 hadi 25 (namba ya geji ikipanda sindano inakuwa nyembamba), inavuta seli chache zinazopakwa kwenye kioo. Ni rahisi na ya haraka, inafaa kwa maji ya kwenye kifuko au tezi ya kwapani. Lakini haiwezi kueleza kama saratani imevunja ukuta wa mrija wa maziwa au bado imo ndani, na vipimo vya homoni juu yake ni vigumu kuviamini. Nene, kwa kawaida geji 14, inakata vijiti vya nyama. Ndiyo mnayoitaka kwa uvimbe wowote wa wasiwasi. Daktari anachoma ganzi ya lignokeini, anatoboa ngozi milimita mbili au tatu, anachukua vijiti vinne hadi sita akiangalia kwa ultrasaundi. Sindano ina chemchemi, inalia "tak". Mgonjwa asikilizishwe mlio huo kabla, asishtuke ikiwa ndani. Vijiti vizuri huzama kwenye dawa ya kuhifadhia (formalini), vinavyoelea mara nyingi ni mafuta matupu, na hapo arudie palepale badala ya kumwita mgonjwa tena kutoka Karatu.

Kinyama kikitoka kiingie kwenye formalini asilimia 10 iliyosawazishwa, haraka, isizidi saa moja. Dawa iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama au zaidi. Kisiwekwe kwenye maji ya dripu, spiriti wala glovu iliyofungwa fundo. Kikae kwenye dawa kati ya saa 6 na 72. Pungufu ya hapo hakijaiva, zaidi ya hapo vipimo vya homoni vinaanza kudanganya. Ndugu akipewa kichupa Ijumaa jioni asafirishe mwenyewe, akakiweka nyumbani hadi Jumanne au Jumatano, saa 72 zimepita.

Kibaya zaidi ni uvimbe mzima kukatwa bila kinyama kuchukuliwa kwanza, ukatupwa kwenye ndoo ya formalini bila kupasuliwa. Dawa inapenya kama milimita moja kwa saa. Uvimbe wa sentimita sita, katikati yake kunaoza kabla dawa haijafika. Maabara inapopima vipokezi vya estrojeni (sehemu za seli zinazopokea homoni hiyo) inapata sifuri, kumbe havikuwa sifuri, vimekufa kwenye ndoo. Mama huyo ananyimwa tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kwa siku, kwa kawaida miaka mitano au zaidi, ambacho kingemkinga saratani isirudi. Nalisema kwa uchungu, kwa sababu kosa lenyewe linazuilika kwa kisu na dakika mbili.

Lebo iandikwe kwenye mwili wa kichupa, siyo kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Majina kamili, namba ya faili, titi la kulia au la kushoto, mahali kwa mtindo wa saa (mfano saa 4, sentimita 3 kutoka kwenye chuchu), na muda kinyama kilipotoka na kilipoingia kwenye dawa.

Jibu la saratani lililokamilika lina aina ya saratani, daraja lake, na vipimo vitatu: ER (vipokezi vya estrojeni), PR (vipokezi vya projesteroni) na HER2 (protini iliyo juu ya seli). Vipokezi vya homoni vikiwa asilimia 1 au zaidi huhesabiwa chanya, ingawa ER ya 1 hadi 10 inaandikwa kuwa ni ya chini. HER2 ya 0 na 1+ ni hasi, 3+ ni chanya, 2+ haijaamuliwa na inahitaji kipimo kingine cha vinasaba. Jibu lililoandikwa "saratani" na kuishia hapo bado halijamwezesha daktari kuchagua dawa.

Mhazini_Usa

Nashukuru sana, nimeelewa kuwa nilitaka kununua kitu kisicho chenyewe. Wale wawili nimeshaongea nao, wanaondoka kesho kutwa.

Yamebaki haya. Baadhi ya kina mama na waume zao wanaamini sindano ikigusa uvimbe inausambaza. Hao 16 wasiopiga mamogramu tuwafanyie nini hasa? Na majibu yakitoka nitayasomaje, maana yatapitia kwangu?

Sista_Kliniki

La mwisho kwanza, dada: majibu yasipitie kwako. Kila mwanachama apokee jibu lake mwenyewe, kwa mkono wake, chumbani, akiwa na mtu anayemtaka yeye. Wewe baki na daftari lenye vitu vichache: jina, simu, tarehe aliyopimwa, amepewa hatua gani inayofuata, na tarehe ya hatua hiyo. Kazi yako ni kupiga simu tarehe ikipita. Mnyororo mara nyingi unakatika kwa aliyeambiwa arudi na hakurudi, kwa nauli, kwa kuogopa, au kwa kusubiri ruhusa ya mume. Kwa hiyo nauli ya kurudi mara ya pili na ya tatu itengeni sasa kwenye mfuko, kabla hamjalipia kipimo chochote. Mfuko ukiwa mdogo, afadhali mpime 12 na mbaki na hela ya kuwafuatilia kuliko kupima 18 na kuwaacha njiani.

Sindano: vipo visa vichache vya seli kuonekana kwenye njia ya sindano, lakini haijaonyeshwa kuwa wanaochukuliwa kinyama wanaishi muda mfupi zaidi. Imani hii inashika kwa sababu wengi huja uvimbe ukiwa mkubwa, wanachomwa, na miezi miwili baadaye hali ni mbaya. Sindano ndiyo inayokumbukwa. Mume aje siku ya maelezo, aulize mbele ya daktari. Wengi wakisikia kwamba bila kinyama daktari hajui dawa ipi, wanakubali wenyewe.

Baada ya sindano ni kukandamiza kwa dakika 10 hadi 15, plasta, na paracetamol kwa maumivu, siyo aspirini. Anayetumia dawa ya kuyeyusha damu aseme siku ya kupanga miadi. Na picha zitangulie sindano kila mara. Damu ikivilia ndani, picha ya baadaye inavurugika.

Hao 16: toa huyo wa uvimbe na anayenyonyesha, wanabaki 14. Wapimwe kwa mikono na muuguzi au daktari aliyefunzwa, na hili linaweza kufanyika hapohapo Usa River. Wala msilione kuwa huduma ya kimaskini. Utafiti wa Mumbai uliochapishwa 2021 ulifuata wanawake zaidi ya 150,000 wa miaka 35 hadi 64 kwa miaka 20. Waliopimwa kwa mikono kila miaka miwili saratani zao zilikutwa zikiwa changa zaidi, na kwa wenye miaka 50 na zaidi vifo vilipungua karibu asilimia 30. Kwa hiyo hata wale wakubwa, mashine ikiharibika, msiahirishe kila kitu.

Kupima kwenyewe mkuangalie. Mama anakaa, mikono chini, kisha juu, kisha anabana kiuno kwa mikono. Mpimaji anatazama kama kuna mahali panaingia ndani, chuchu iliyovutwa hivi karibuni, au kidonda cha chuchu kinachofanana na ukurutu na hakiponi kwa krimu. Kisha analala, mkono chini ya kichwa. Mpimaji anatumia matumbo ya vidole vitatu, mizunguko midogo, kwa uzito wa aina tatu, wa juujuu, wa kati na wa kina, akishuka na kupanda kwa mistari kutoka mtulinga (mfupa wa mbele kati ya shingo na bega) hadi chini ya titi, kutoka kwapa hadi mfupa wa kifua. Kwapa na juu ya mtulinga visisahaulike. Ni dakika mbili hadi tatu kila titi. Akimaliza yote mawili kwa nusu dakika, hajapima.

Kujipima nyumbani nawafundisha kwa maana ya kulijua titi lako lilivyo. Utafiti mkubwa wa Shanghai haukuona vifo vikipungua kwa kufundisha kujipima kwa ratiba. Mkazo uwe: ukiona jipya, usikae nalo zaidi ya hedhi moja.

Mionzi_Moshi

Kusoma jibu la picha. Mwishoni kutakuwa na namba ya BI-RADS (mfumo wa kupanga majibu ya picha za matiti), 0 hadi 6, na hiyo ndiyo ya kutafuta.

0 maana yake picha hazitoshi, aitwe tena kwa picha za ziada au ultrasaundi. Hapa ndipo watu wanapozimia bure. Takwimu za Marekani: kati ya 1,000 wanaopimwa, kama 100 huitwa tena, na kama 5 tu hukutwa na saratani. Ila kuitwa tena ni lazima uende. 1 hakuna kitu, 2 kuna kitu kisicho na madhara, kwa mfano kifuko cha maji tupu. 3 huenda ni salama, hatari haizidi asilimia 2, anarudiwa baada ya miezi sita. Hiyo miezi sita iandikwe kwenye daftari kwa wino mwekundu. 4 kinyama kinahitajika, na wigo wake ni mpana, kutoka zaidi ya asilimia 2 hadi chini ya 95, kwa hiyo waulize ni 4A, 4B au 4C, yaani wasiwasi mdogo, wa kati au mkubwa. 5 ni asilimia 95 au zaidi. 6 ni aliyeshathibitishwa.

Kama 4 au 5 imetoka na kinyama kikasema salama, daktari wa picha na wa kinyama lazima waongee. Huenda sindano ilikosa. Msikubali kufungiwa faili hapo.

Jibu litaje pia wingi wa tezi, A hadi D. Mwenye C au D mamogramu yake inaficha zaidi, na kuongezewa ultrasaundi kunasaidia.

Mkipiga simu kliniki: mashine inafanya kazi wiki hii? Picha zinasomwa na daktari wa radiolojia hapahapa au zinatumwa, na kwa siku ngapi? Ultrasaundi ya titi inafanyika siku hiyohiyo kwa atakayeitwa tena? Mnachukua kinyama kwa sindano nene mkiongozwa na ultrasaundi? Yale madoa ya chokaa yasiyoonekana kwa ultrasaundi mnayachukuaje, au mnampeleka wapi? Wenye bima waulize kipimo gani kinahitaji kibali na fomu ya rufaa, kabla ya siku yenyewe.

Slaidi

Naongeza moja kwenye hilo la rufaa. Atakayekutwa na saratani huenda akaenda KCMC ya Moshi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda na ina kituo cha saratani, au akapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Asiondoke na karatasi ya jibu tu. Maabara inatunza vipande vya nta vyenye kinyama chake pamoja na vioo. Aombe kwa maandishi, aandikiwe namba zake. Nta haitaki jua: isiachwe kwenye dashibodi wala juu ya injini ya basi. Vioo viende kwenye kiboksi chake, vikivunjika itabidi nta ikatwe tena, na kinyama cha sindano huwa ni kidogo.

Mionzi_Moshi

Na picha vilevile, hata zilizotoka safi. Ombeni kwenye diski, faili zenyewe za mashine, siyo picha ya simu iliyopigwa kwenye skrini. Filamu zikiwepo zisikunjwe. Miaka miwili ijayo msomaji atazilinganisha, na kitu ambacho kingeitwa 0 kitaitwa 2 kwa sababu kilikuwepo na hakijabadilika. Kila mama akae na diski yake, jina na tarehe juu yake.